Kitwitwi wa Kibendera cha Njano

Kilichomvuta Murunga ni pengo. Matope ya upande wa mashariki wa bwawa yalikuwa yamejaa ndege, wale wadogo wa miguu mirefu wanaodonoa tope harakaharaka kama sindano ya cherehani. Lakini mahali pamoja, karibu na matete, hapakuwa na hata mmoja. Ndege walikula wakafika pale, wakapazunguka, wakaendelea kula upande wa pili. Murunga aliona ajabu, akageuza mashua yake ya mbao akasogea. Alichoona kwanza ni gamubuti ya kijani.

"Nikajua ni Mwalimu," alimwambia Inspekta Maximilla Musimbi saa moja baadaye. "Huku hakuna mtu mwingine huvaa gamubuti ya kijani. Nikaruka kwa matope, nikamshika shingo. Alikuwa anapumua, madam. Kidogo sana, lakini alikuwa anapumua."

Ilikuwa Jumapili, mwezi wa Novemba, saa kumi alasiri. Wanja Mbuthia, mwalimu wa biolojia katika shule moja ya upili mjini Eldoret, alikuwa tayari yuko njiani kwenda hospitali kuu, kisogo kimepasuka. Inspekta Musimbi alisimama ukingoni mwa Bwawa la Mawe Mawili akiwa na viatu vyake vizuri vya kanisani, akaangalia tope, akashusha pumzi, kisha akaingia. Konstebo Jepchumba alimfuata akicheka chinichini.

Nyayo hazikuwa za kusaidia. Murunga na watu waliokuja kumbeba majeruhi walikuwa wamekanyaga kila mahali. Lakini karibu na matete palikuwa na jiwe kubwa ambalo wavuvi hufungia mashua, na juu ya jiwe hilo kulikuwa na damu na nywele. Kando yake kulikuwa na miguu mitatu ya chuma ya kusimamishia darubini. Darubini yenyewe haikuwepo. Kamera haikuwepo. Simu haikuwepo.

"Wezi," Jepchumba alisema.

"Pete ya dhahabu wamemwachia?" Musimbi aliuliza. "Na saa mkononi? Mwizi gani huyo?"

Alimgeukia Murunga. "Mzee, leo ulimwona akiwa hai?"

"Asubuhi, saa nne hivi. Alikuwa na furaha kama mtu ameoa! Akaniita, akasema, 'Murunga, njoo uone.' Nikaangalia kwa hiyo mashine yake. Kandege kadogo, ka kijivujivu, kifua cheupe. Mguuni kana kakaratasi ka njano. Mimi nikamwambia, Mwalimu, haka kako hapa tangu mwezi jana, kwani leo ndio unakaona? Akacheka. Akasema nakaona kila siku, lakini leo kuna mtu anakuja kukaona pia."

"Mtu gani?"

"Hakusema. Mimi nikaenda upande ule wa magharibi kutega nyavu."

Hapo ndipo Inspekta Musimbi aliposikia ile ngurumo. Alikuwa ameisikia tangu afike, lakini sasa masikio yake yaliishika: pampu ya dizeli, nyuma ya ua wa miti, ikivuta maji bila kupumzika.

"Hiyo ni ya nani?"

Murunga aliangalia chini. "Ya Kabiru. Muulize mwenyewe. Yeye na Mwalimu hawapatani."

*

Kabiru alikuwa mkulima wa viazi kutoka Burnt Forest, mtu mfupi mwenye mabega mapana, aliyekodi shamba kando ya bwawa mwaka ule ule. Walimkuta amesimama juu ya mfereji, suruali imekunjwa hadi magotini. Aliposikia habari alizima pampu.

"Nilikosana naye," alisema kabla hajaulizwa. "Afadhali nikuambie mwenyewe, kwa sababu watakuambia. Wiki iliyopita alikuja hapa akanikataza kuvuta maji. Eti ndege wake wametoka Siberia. Nikamwambia, Mwalimu, mimi viazi vyangu vimetoka jasho langu. Nikamwambia nitamtoa hapa."

"Kumtoa namna gani?"

"Ni hasira tu, afande. Mtu husema."

"Na pampu umewasha lini?"

"Jana jioni, baada ya fundi kuifunga. Ndiyo mara ya kwanza. Imevuta usiku mzima." Alionyesha kwa kidevu upande wa mashariki. "Hata mimi nimeshangaa. Jana pale palikuwa maji matupu. Leo asubuhi nimeamka nikaona matope, na ndege wote wamehamia hapo."

"Ni kweli," Murunga alidakia kutoka nyuma. "Jana mchana nilikuwa natega pale. Maji yalikuwa yanafika hapa." Aliweka kiganja kifuani.

"Leo kuanzia saa nne ulikuwa wapi?" Musimbi alimuuliza Kabiru.

"Hapa hapa."

"Na nani?"

Kabiru alitazama mfereji wake, kisha viazi vyake, kisha mikono yake. "Peke yangu."

*

Jioni ile, kabla jua halijazama, Inspekta Musimbi alifika Munyaka, katika nyumba ndogo ambayo Wanja aliishi na dada yake Linah. Linah alikuwa ametoka hospitali kuchukua nguo za mgonjwa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini aliongea haraka na kwa mpangilio, kama mtu anayeogopa kwamba akinyamaza ataanguka.

"Hajaamka. Wanasema ubongo umevimba. Wanasema tungoje."

Sebule nzima ilikuwa picha za ndege. Musimbi, ambaye katika maisha yake alikuwa akitambua kuku, kunguru na mwewe tu, alijikuta akizunguka ukuta mzima. Alisimama mbele ya picha mbili zilizobandikwa pamoja. Moja ilikuwa ya ndege wa kijivu, kifua cheupe, mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini. Nyingine ilikuwa ya ndege mwekundu, mwekundu kama tofali jipya.

"Huyu mwekundu anaitwaje?"

Linah alijaribu kutabasamu. "Kila mgeni huuliza hivyo. Ni huyo huyo, afande. Sisi tunawaita kitwitwi. Huja kutoka kaskazini, kwenye barafu, wakati kule baridi inaingia. Akiwa huku kwetu ni wa kijivu. Ikifika Aprili, akijiandaa kurudi kutafuta mchumba, anavaa nguo nyekundu. Wanja huwaambia wanafunzi wake kwamba hata ndege hawaendi harusini na nguo za kazi."

"Anabadilika kwa siku ngapi?"

"Siku? Manyoya yanaota moja moja, wiki baada ya wiki. Unaanza kuona madoa Machi, na Aprili inakwisha akiwa mwekundu kabisa."

Kisha Linah alieleza kazi yenyewe. Kwa miaka minne dada yake alikuwa akihesabu ndege bwawani, naye Lazarus Wachira, mhadhiri wa chuo kikuu kimoja anayekaa Elgon View, akifanya kazi hiyo hiyo mbali kabisa, kwenye mlango wa mto huko pwani, kaskazini mwa Malindi, mahali maji ya mto na ya bahari yanapokutana na kuacha tope wakati wa maji kupwa. Lazarus aliwakamata ndege wachache kule na kuwafunga vibendera mguuni, kila kimoja na alama yake, ili ajue wanaenda wapi na kurudi lini.

"Lazarus anajua kilichotokea?"

"Nimempigia jioni hii, nikamwambia tu kwamba ameumizwa bwawani. Amelia kama mtoto. Yuko pwani, anarudi kesho kwa gari lake. Hata leo ametutumia video kwenye kundi letu la WhatsApp." Alimpa simu.

Video ilikuwa fupi na ya gizagiza, imepigwa jua likichomoza. Tope liling'aa, mawimbi yalisikika kwa mbali. Ndege kadhaa walikuwa wakidonoa, mmoja akiwa na kibendera cha njano kilichosomeka H7. Nyuma yake alitembea yangeyange mweupe. Sauti ya Lazarus ilisema kwa upole: "H7, bado yuko hapa, mzima kabisa." Chini ameandika: *Mlango wa mto, leo alfajiri.* Watu walikuwa wamejibu kwa vidole gumba.

Musimbi alirudisha simu. Kitu fulani kilimgusa, kikapita. Alikuwa amechoka, na viatu vyake vya kanisani vilikuwa vimejaa maji.

*

Jumatatu mambo yalikwenda mbio. Asubuhi Jepchumba alipekua chumba cha Murunga akapata darubini ya Wanja chini ya kitanda, imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga.

"Mzee, umetudanganya!" Musimbi alimjia juu.

"Sijadanganya, hamkuniuliza!" Murunga alilia. "Watu walikuwa wengi pale. Ningeiacha, ingekwenda. Mwalimu aliniambia hiyo ni jicho lake. Nani anaacha jicho la mtu kwa matope?"

Saa sita, majirani wawili waliapa kwamba walimsikia Kabiru akitishia kumtoa Wanja "na mikono yake mwenyewe". Mkuu wa kituo hakutaka kusikia zaidi. Kabiru akatiwa pingu, na Musimbi akaambiwa aandae mashtaka, mtu afikishwe kortini kesho mchana. Kutoka Burnt Forest ikaja simu ya mke wa Kabiru, akiuliza kama ni kweli mumewe ameua mwalimu. Musimbi alimjibu kwamba mwalimu hajafa. Zaidi ya hapo hakuahidi kitu, kwa maana madaktari walikuwa wamempeleka Wanja chumba cha upasuaji saa hiyo hiyo.

Alasiri alikwenda hospitali. Kwenye korido alimkuta mwanamume mrefu, shati limekunjamana, ameshika maua. Alijitambulisha kwa sauti iliyokauka: Lazarus Wachira.

"Nimeendesha gari tangu jana jioni, Inspekta. Nimelala kidogo Nakuru. Siamini. Wanja!"

"Mara ya mwisho mliongea lini?"

"Ijumaa, kwa simu. Baada ya hapo mimi nilikuwa kwenye tope, hakuna mtandao wa maana. Nilipata mtandao jana jioni, nikatuma video, ndipo Linah akanipigia."

"Eldoret umetoka lini?"

"Wiki mbili sasa." Alifuta macho. "Unajua, mimi najilaumu. Mara ngapi nilimwambia asikae peke yake. Mwanamke peke yake, kwenye yale matope ya mashariki, karibu na matete, hakuna mtu wa kumsikia akipiga kelele. Na yule mkulima wa viazi anamwangalia kwa jicho baya. Mmemkamata, nasikia?"

"Tumemkamata."

"Mungu asifiwe."

Musimbi alimwangalia akienda kuketi kando ya Linah. Masikio yake yalianza kupata joto. Hivyo ndivyo mwili wake ulivyofanya tangu akiwa kuruta: kabla akili haijajua, masikio hujua. Alitoka nje, akasimama chini ya dirisha la wodi, akayarudia maneno ya Lazarus moja moja. Alipofika katikati, akashtuka hadi mlinzi wa geti akamuuliza kama yuko sawa.

"Niko sawa sana, ndugu yangu," alisema, na tayari alikuwa akikimbia kurudi ndani. Alimvuta Linah kando, nyuma ya mlango wa ngazi. "Nionyeshe ile video tena. Usiseme kitu. Usimwangalie mtu."

Waliitazama mara tatu. Mara ya tatu Linah aliziba mdomo kwa mkono.

*

Jumanne saa mbili asubuhi, watu sita walisimama ukingoni mwa Bwawa la Mawe Mawili. Hewa ilikuwa baridi, anga safi, na matope ya mashariki yalikuwa yamejaa ndege kama uwanja siku ya sherehe. Kabiru alikuwa na pingu. Murunga alishika darubini aliyoruhusiwa kuibeba kwa saa moja. Linah alijifunika shali. Jepchumba alisimama mbali kidogo, upande wa barabara. Lazarus alikuwa amevaa koti zuri. Alikuwa ameombwa aje kuwasaidia polisi kama mtaalamu, naye alikubali mara moja.

Inspekta Musimbi alikuwa amevaa gamubuti.

"Daktari Wachira," alianza.

"Bado si daktari," Lazarus alitabasamu kwa huzuni. "Nahitimu Ijumaa hii. Gauni nimeshaazima. Wanja angekuwepo."

"Pole. Sasa nisaidie. Mzee Murunga, simamisha hiyo mashine. Umempata?"

Murunga alichungulia, akazungusha, akachungulia tena. Mgongo wake ulinyooka ghafla. "Yuko! Yuko pale, karibu na lile gogo!"

"Angalia, tafadhali," Musimbi alimwambia Lazarus. "Niambie unaona nini."

Lazarus aliinama. Alikaa hapo muda mrefu kuliko mtu anayetafuta. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umetulia kupita kiasi.

"Kitwitwi."

"Mguuni ana nini?"

"Kibendera. H7."

Linah alishusha pumzi kwa nguvu. Kabiru aliangalia huku na kule, hakuelewa.

"H7 ambaye Jumapili alfajiri ulimwona pwani," alisema Musimbi.

"Ndiyo. Na leo yuko hapa. Inspekta, hawa ndege huruka kutoka Siberia! Kutoka pwani mpaka Eldoret kwake ni safari ya usiku mmoja. Ni jambo la kusisimua sana, nitaliandika."

"Ako hapa tangu mwezi jana!" Murunga alifoka. "Jumapili nilimwona na haya macho!"

"Huyu ndiye aliyekutwa na mali ya Wanja chini ya kitanda," Lazarus alisema taratibu.

"Ni kweli," Musimbi alikubali, "kwa hiyo tumwache Mzee Murunga kando kabisa. Tumuulize ndege." Alitoa simu ya Linah, akaifungua ile video, akamsogezea. "Huyu wako wa Jumapili ana rangi gani?"

Lazarus alianza kufunga vifungo vya koti lake.

"Mimi nitasema. Kifua chake ni chekundu kama tofali. Na huyu wa leo ni wa kijivu, kifua cheupe. Usiku mmoja anaweza kuruka kutoka pwani, nimekubali. Je, usiku mmoja anaweza kung'oa manyoya yote na kuota mengine?"

"Ni mwanga," Lazarus alisema haraka. "Jua la alfajiri. Huonyesha kila kitu chekundu. Mtu asiye na ujuzi..."

"Nilifikiri hivyo pia! Hata nikaanza kukasirika na jua. Kisha nikamwona huyu." Kidole chake kilitua kwenye kioo cha simu. "Yangeyange. Anapita nyuma ya H7, mguu kwa mguu. Mweupe kama maziwa. Jua gani hilo linalompaka mmoja rangi na kumruka jirani yake?"

Kabiru, pingu na yote, alitoa sauti kama ya kicheko.

"Video hii ni ya Aprili," Musimbi aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kutaka. "Aprili, walipokuwa wamevaa nguo zao za harusi. Ulikuwa nayo kwenye simu, ukaituma Jumapili jioni ili kila mtu aape kwamba ulikuwa pwani."

"Sawa!" Lazarus aliinua mikono. "Sawa. Nilikosea video. Nimechoka, niko na video mia. Nilituma ya zamani. Hilo si kosa la jinai, Inspekta. Pwani nilikuwa, wiki mbili. Hapa sijakanyaga."

"Hapa hujakanyaga?"

"Hata mara moja."

"Na wewe na Wanja hamjaongea tangu Ijumaa?"

"Nimeshasema."

"Basi nieleze kitu kimoja tu, halafu uende nyumbani ukajaribu gauni lako. Jana kwenye korido uliniambia ulimwonya Wanja asikae peke yake kwenye matope ya mashariki, karibu na matete." Musimbi alinyoosha mkono kuelekea tope lililojaa ndege. "Mashariki ni pale. Mzee Murunga, Jumamosi mchana pale palikuwa na nini?"

"Maji," Murunga alisema. "Hapa." Kiganja kikapanda kifuani.

"Kabiru, tope lilitokea lini?"

"Jumapili asubuhi," Kabiru alijibu polepole, na uelewa ukaanza kumpanda usoni kama jua. "Baada ya pampu yangu kuvuta usiku. Kabla ya Jumapili hakuna mtu amewahi kuona tope pale. Hakuna!"

"Hakuna," Musimbi alisema, "isipokuwa aliyekuwepo Jumapili."

Lazarus alitazama barabara. Jepchumba alikuwa amesimama pale pale, mikono kiunoni. Lazarus akatazama upande mwingine, akaruka.

Alikimbia kuelekea matete, koti likipepea. Ndege wote waliinuka kwa pamoja, mia kadhaa, wakageuka hewani kama kitambaa kimoja kinachokung'utwa, na kelele zao zikafunika sauti ya Musimbi akipiga mayowe asimame. Hatua tano, sita, kisha mguu mmoja ukazama hadi gotini. Akauvuta, wa pili ukazama zaidi. Alianguka kwa mikono, akaamka, akazama hadi mapajani, na hapo akakwama kabisa, akihema.

"Usipige mateke!" Murunga alimpigia kelele. "Ukipiga mateke inakumeza!" Naye tayari alikuwa amesukuma mashua, akamfikia, akamshika kwapa. Ilichukua Murunga na Jepchumba pamoja kumng'oa. Kabiru aliyekuwa na pingu alishika kamba ya mashua kwa meno na mikono yote miwili akivuta kutoka ukingoni, ingawa hakuna aliyemwomba.

*

Walimketisha kwenye nyasi. Viatu vyake vilikuwa vimebaki ndani ya tope. Alizungumza akiangalia miguu yake mitupu.

Kazi yake yote ya shahada ya uzamivu, alisema, ilijengwa juu ya jambo moja: kwamba ndege hawa wakirudi kutoka kaskazini hurudi kwenye mlango ule ule wa mto, wakakaa hapo msimu mzima bila kuhama. Miaka mitatu aliwahesabu kwa haki, akilala kwenye hema, akichomwa na jua. Msimu huu, mambo ya chuo yakawa mengi. Hakwenda. Tangu Aprili hakukanyaga pwani. Alikaa Elgon View akaandika kile alichokuwa na hakika kwamba kipo kule: H7 yupo, wenzake wapo.

"Nilikuwa na hakika," alirudia. "Kila mwaka walikuwepo."

"Kisha Wanja akakupigia," Musimbi alisema.

"Ijumaa. Alikuwa anapiga kelele za furaha. 'Lazarus, nimefaulu kukisoma kibendera, H7 yuko kwetu! Sijamwambia mtu mwingine! Wanapanda huku juu! Njoo uone!' Alidhani ananiletea zawadi." Aliangalia lile jiwe la mashua. "Nilikuja Jumapili. Nilimsihi angoje mpaka nivae gauni. Wiki moja tu. Hakukasirika hata. Alisema hatuwezi kuwasingizia ndege. Akainua kamera kupiga picha nyingine. Nikaushika ule mkanda, nikavuta, naye akavuta. Nilipouachilia, alianguka kwa nyuma, kwenye jiwe."

"Ilikuwa ajali?"

"Ajali! Naapa!"

"Kuanguka, labda," alisema Musimbi. "Lakini ulimwona anapumua?"

Lazarus alianza kufuta tope kwenye vifundo vya miguu.

"Ulimwona anapumua, Bwana Wachira. Ukachukua simu ambayo ingemwitia msaada. Ukachukua kamera. Ukamwacha uso uko kiganja kimoja kutoka kwa tope, ukaenda nyumbani kutafuta video. Hapo hakuna ajali."

Kamera na simu alizitupa kwenye matete, aliwaonyesha mahali. Jepchumba alimfunga pingu zile zile zilizotoka mikononi mwa Kabiru. Kabiru alisimama akijisugua vifundo, akaangalia shamba lake, akaangalia bwawa, na bila kumuaga mtu akaanza kutembea haraka kuelekea barabarani, simu sikioni. Wote walimsikia akimwambia mkewe kwa sauti kubwa, tena na tena, kwamba anarudi nyumbani.

*

Wanja alifumbua macho Alhamisi. Jumamosi madaktari walimruhusu Inspekta Musimbi aingie kwa dakika chache. Kichwa kilikuwa kimefungwa bandeji, uso umevimba, lakini macho yalikuwa macho ya mwalimu: yalimpima mgeni tangu mlangoni.

Musimbi alimweleza yote, taratibu, bila kupamba. Alidhani atalia, au atalaani. Wanja alisikiliza hadi mwisho akiwa ametazama dari.

"Miaka minne," alisema mwishowe, sauti nyembamba kama uzi. "Nikiwa na swali, nampigia yeye. Yeye akiona ndege wa ajabu, ananipigia mimi. Hata saa tisa za usiku."

"Najua. Pole sana, Mwalimu."

"Hakuna aliyewahi kuandika kwamba wanapanda huku kutoka pwani. Hakuna. Tungekuwa wa kwanza, mimi na yeye." Machozi sasa yalishuka, moja upande huu, moja upande ule, yakaingia kwenye bandeji. "Angeniambia tu kwamba hakwenda, Inspekta. Ningechukua likizo. Ningeenda naye pwani, tuhesabu upya."

Musimbi, ambaye kwa kazi yake alikuwa amewasikia watu wengi wakieleza walivyodhulumiwa, hakuwahi kumsikia mmoja akisema hivyo. Alivuta kiti, akaketi, akaushika ule mkono usio na sindano. Muuguzi alipokuja kusema muda umekwisha, akamkuta bado ameketi, akamwacha.